"Sista, huyu hajui muda"

Jumatano iliyopita mama mmoja wa Uru alimleta kijana wake kliniki ya afya ya akili hapa Moshi. Kabla hajakaa akaniambia, kijana mwenyewe akisikia, "Sista, huyu usimwulize kitu, hajui muda. Asubuhi kwake ni sawa na jioni." Walikuwa wamemtoa nyumbani kwa kumdanganya kwamba wanashuka Mbuyuni kumnunulia viatu. Kijana akainua uso taratibu. "Shikamoo sista. Tumetoka saa moja na robo. Walisema Mbuyuni."

Neno hilo nimelisikia mara nyingi mno, na linaniuma kuliko mengine yote, maana ndilo linalowapa ndugu ruhusa ya kumdanganya mgonjwa.

Mtu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya asikie sauti zisizokuwepo au aamini yasiyo kweli, kwa kawaida anajua leo ni siku gani, mwezi gani, na kama ni mchana au usiku. Wapo wachache, hasa waliougua na kulazwa miaka mingi, ambao hukosea hata umri wao, lakini hao si kipimo cha wote. Anayekaa chini ya mgomba tangu asubuhi hadi jioni hajapoteza saa. Mara nyingi amepoteza msukumo wa kuanza jambo, nayo ni dalili ya ugonjwa, si uvivu. Wengi nikiwauliza husema siku ilikuwa ndefu.

Na hapa nisikilizwe vizuri. Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo ghafla hatofautishi mchana na usiku, mara anazinduka, mara anapotea, huyo msimngojeshe kliniki ya Jumatano. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, au pombe iliyoachwa ghafla. Mkikaa kujadili nani kamroga, ubongo unaendelea kuumia.

Muda unaovurugika kwenye saikosisi, yaani akili inapopotewa na uhalisia kama kwenye skizofrenia, ni ule wa sekunde na vipande vya sekunde. Simama ng'ambo ya korongo umtazame mtu anapasua kuni: shoka linatua kwanza, mlio unafuata. Akiwa karibu huoni pengo hilo, kwa sababu ubongo huyashona yale yanayopishana kidogo yakawa tukio moja, na yakipishana zaidi huyatenganisha. Majaribio yanaonyesha kwamba kwa wenye skizofrenia mshono huo ni mlegevu zaidi. Taa mbili zinazopishana kidogo tu, wao huziona zimewaka pamoja hata pale ambapo wengine wameshaona tofauti. Wakiambiwa wakadirie sekunde chache, majibu yao huyumba zaidi. Sasa mweke kijana huyo katikati ya ndugu watano wanaokatizana maneno. Nani kaanza, nani kajibu? Akichelewa kusema mnamwita zezeta. Aseme mmoja, wengine wangoje, halafu mpeni nafasi naye.

Saa hiyo ya ndani, ambayo ubongo hupimia muda, haina makao mamoja. Inahusisha serebela (ubongo mdogo wa nyuma), sehemu za mbele za ubongo, na viini vya ndani vinavyotegemea dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo. Kwa wanyama wa maabara, dawa zinazoongeza dopamini huifanya ikimbie, na haloperidoli, dawa ya saikosisi inayozuia dopamini, huipunguza kasi. Wengine wakisikia hivyo wanarukia: "Basi dawa zenu ndizo zilizomharibia muda." Hapana. Eugène Minkowski, daktari wa akili aliyefanya kazi Paris, alikuwa akieleza kwa kina jinsi muda unavyowavurugikia wagonjwa tangu miaka ya 1920, ilhali klopromazini, dawa ya kwanza ya aina hii, ilianza kutibu saikosisi mwaka 1952. Dawa inaweza kumfanya mtu awe mzito, hilo ni kweli. Njooni mseme, tupunguze dozi au tubadilishe. Msizitupe chooni.

"Tunataka siti skani tuuone ugonjwa." Skizofrenia haionekani kwenye siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa; daktari huiagiza akishuku uvimbe au damu iliyovuja kichwani. Hata kupima mawimbi ya umeme ya ubongo hakutoshi. Ukimsikilizisha mtu milio inayofanana, kisha ghafla mmoja ukatofautiana, ubongo hutoa wimbi dogo ndani ya robo ya sekunde, na kwa kundi la wenye skizofrenia wimbi hilo ni dogo zaidi. Lakini ni habari ya kundi, haimtambui mgonjwa mmoja. Ugonjwa huu tunautambua kwa mazungumzo na historia, ndiyo maana nawauliza maswali mengi. Msiuze ng'ombe kwa ajili ya picha.

"Anajifanya kusikia sauti." Hajifanyi. Mwaka 1993 watafiti wa London waliwapima wagonjwa wakiwa wanasikia sauti, wakakuta damu imeongezeka kwenye eneo la Broca, linalohusika na kutunga maneno.

"Mirungi inamchangamsha." Mirungi inaongeza dopamini ileile tunayohangaika kuizuia. Basi.

Nyumbani, msimwambie "tunarudi sasa hivi" kisha mkarudi jioni. Mtajieni saa, na mrudi saa hiyo. Tundikeni saa ya ukutani yenye mishale mahali anapoiona akiwa amelala. Na bahasha ya dawa isomeni pamoja naye, maana simu inaandika 20:00, bahasha inaandika 8, nasi tunasema saa mbili. Kuna mgonjwa wangu alisoma 8 hiyo akameza dozi ya usiku saa nane mchana, kama ilivyoandikwa, siku baada ya siku. Alikuwa akilala mchana na kukesha usiku, na ndugu zake wakaja kuniambia, "Unaona sista, hajui muda." Tangu siku hiyo naandika mwenyewe kwa kalamu, kwa maneno: saa mbili usiku, baada ya chakula.