Je, wajua? Baiskeli kuukuu isiyo na jina huficha asili yake ndani ya thredi

Fremu ya chuma, jina limefutika, rangi imepakwa juu ya rangi nyingine, na anayetaka kuifufua anajiuliza kabla hajashika msasa: hii ilitoka wapi? Jibu ndilo litakaloamua vipuri gani vitaingia, rangi gani ilikuwa ya kwanza, na ipi iliongezwa baadaye na mwenye nayo.

Wengi huanza na namba iliyogongwa kwenye fremu, kwa kuamini kwamba inafanya kazi ya namba ya chesisi ya gari: ukiisoma tu, unapata kiwanda na mwaka. Imani hiyo imepoteza muda wa watu wengi. Viwanda vya baiskeli vya zamani havikuwa na utaratibu mmoja wa namba. Kila kimoja kiligonga kwa mtindo wake, pengine kwa kuanza hesabu upya, pengine kwa kutanguliza herufi ambazo maana yake ilibaki kwenye vitabu vya kiwanda. Tarakimu tano zilezile zinaweza kukutwa kwenye fremu za viwanda kadhaa. Namba husaidia sana ukishakijua kiwanda; kabla ya hapo haisemi mengi.

Nembo ya mbele nayo hudanganya. Raleigh ya Nottingham, Uingereza, ilinunua majina ya washindani wake: Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, na BSA mwaka 1957. Baiskeli ziliendelea kuuzwa kwa majina hayo huku zikitengenezwa na mnunuzi. Na kulikuwa na maduka mengi yaliyoagiza fremu viwandani na kuzibandika jina la duka. Hata tarehe inayogongwa kwenye habu za gia (vitovu vya gurudumu vyenye gia ndani) za kampuni ya Sturmey-Archer, ambayo ni ushahidi mzuri sana, inahusu habu peke yake. Gurudumu hubadilishwa kwa dakika chache, na habu ya mwaka mmoja huishia kwenye fremu ya mwaka mwingine.

Kisichobadilishwa kirahisi ni thredi, yaani mikato ya skrubu, za bomba fupi la chini, pale mikono ya pedali inapoungana na ekseli. Kila upande wa bomba hilo hufungwa kikombe cha chuma kinachobeba gololi, na vikombe hivyo vilikatwa thredi kufuatana na desturi ya nchi. Za Kiingereza zina kipenyo cha inchi 1.370, karibu milimita 34.8, na thredi 24 kwa kila inchi. Za Kifaransa ni milimita 35, na umbali wa milimita 1 kutoka thredi hadi thredi. Za Kiitaliano ni milimita 36 na thredi 24 kwa inchi. Raleigh ilikuwa na thredi zake yenyewe, 26 kwa inchi, na ndiyo sababu fundi huweza kuitambua fremu yake hata ikiwa na nembo ya jina jingine.

Vipimo vya Kiingereza na vya Kifaransa vinakaribiana kiasi cha kuchanganya, lakini vinatofautiana kwa jambo la ajabu. Kikombe cha kulia cha Kiingereza hufungwa kinyumenyume: ukikizungusha kufuata mwendo wa saa, kinafunguka. Cha Kifaransa na cha Kiitaliano hufungwa kama skrubu ya kawaida pande zote mbili. Cha Uswisi kina vipimo vya Kifaransa na mwelekeo wa Kiingereza.

Kwa nini mtu akate thredi kinyume? Jibu linalotolewa haraka ni msuguano: gololi zinakivuta kikombe. Hebu lipime. Ukiitazama baiskeli kwa upande wa kulia, pedali huzunguka kufuata mwendo wa saa. Kama msuguano ungetawala, ungekikaza kikombe cha thredi za kawaida na kukifungua cha Kiingereza. Mafundi wanaona kinyume chake: vya Kiitaliano na vya Kifaransa vya kulia ndivyo hulegea, cha Kiingereza kinatulia.

Kinachotawala ni mbingiriko. Shika penseli ndani ya ngumi iliyolegea, kisha uizungushe ncha yake kwa duara kufuata mwendo wa saa. Penseli inabingiria kwenye kuta za ngumi, na yenyewe inageuka kinyume cha mwendo wa saa. Kikombe ndiyo penseli, bomba ndiyo ngumi. Mzigo wa mguu unapita kwenye gololi na kukibana kikombe upande huu, kisha upande ule, kwa kuzunguka. Tuseme kipenyo cha kikombe kimepungua kwa milimita 0.05 tu kuliko tundu. Kila duara la mbingiriko linakirudisha nyuma milimita 0.157, na baada ya maduara 700 hivi kimezunguka mzima. Hiyo ni hesabu ya kikombe kilicholegea kabisa. Kilichokazwa vizuri huchukua muda mrefu zaidi, au hakisogei. Lakini nguvu iko palepale, na thredi za kinyume huifanya ikaze badala ya kufungua.

Kwa kupima, boliti ya kawaida ya M6 (yenye kipenyo cha milimita 6) inatosha kwa kuanzia, kwa kuwa umbali kutoka thredi hadi thredi yake ni milimita 1. Ilaze juu ya thredi za kikombe, uishike kwenye mwanga. Zikiumana bila mwanya, una vipimo vya Kifaransa au vya Uswisi. Mwanga ukianza kupenya kuelekea mwisho, ni za inchi.

Hata hivyo, thredi zinataja desturi. Nchi ni jambo jingine. Kipimo cha Kiingereza kilienea mbali, Japani ikiwemo, na viwanda vya Ufaransa vyenyewe vilikihamia baadaye. Tena bomba la Kiingereza lililoharibika mara nyingi huokolewa kwa kulikata upya liwe la Kiitaliano. Ukikuta thredi za milimita 36, pima upana wa bomba, kutoka ukingo wa kulia hadi wa kushoto: la Kiitaliano ni milimita 70, la Kiingereza kwa kawaida ni 68. Upana wa 68 wenye thredi za 36 ni dalili kwamba fundi alishapita hapo.

Rangi sasa. Kabla ya kuivua, sugua sehemu ndogo kwa msasa laini wenye maji mpaka chuma kionekane. Tabaka zitajitokeza kwa miviringo, ya kwanza kabisa ikiwa ya ndani. Maji ni ya lazima, maana rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Rangi ambayo haijapauka utaipata chini ya vibano vya waya. Kusafisha fremu kwa mchanga unaopulizwa kunaweza kufuta namba iliyogongwa kwa kina kidogo, kwa hiyo ipige picha kwanza. Matundu ya ribiti za nembo yasizibwe: umbali kati yao, na kama yamepangwa wima au mlalo, hupunguza majina ya kukisia. Wakati wa kupuliza rangi, vikombe vikuukuu virudishwe kwenye bomba vizibe thredi, kwa sababu rangi ikikaukia humo kikombe kipya kitaingia kwa upogo na kuzila.