Kuipanga upya AmeriCorps bila kuwaangusha washirika wake

Kazi yangu ni kuyasaidia mashirika madogo ya kijamii hapa Marekani kuomba ruzuku za serikali na kuzisimamia zikishapatikana. Kadhaa kati yake yanahudumia familia za wakimbizi kutoka Kongo, na anayemkalisha mtoto chini baada ya shule kumfundisha kusoma Kiingereza mara nyingi ni kijana wa AmeriCorps, taasisi ya serikali kuu inayogharimia kazi za kujitolea. Kila nikisikia taasisi hiyo inapangwa upya, swali langu la kwanza ni nani atamjibu mratibu wa kituo akipiga simu.

AmeriCorps ni jina inalotumia tangu 2020 taasisi ya serikali kuu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, chini ya Rais Bill Clinton. Ndani yake umo VISTA, mpango wa kujitolea kupambana na umaskini ambao chimbuko lake ni vita dhidi ya umaskini vya Rais Lyndon Johnson mwaka 1964, na ipo mipango ya kujitolea kwa wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Watu wengi hudhani taasisi hii ndiyo inayowapeleka vijana kazini. Kwa sehemu kubwa sivyo. Yenyewe inatoa fedha, kanuni na msaada wa ada ya masomo kwa anayemaliza muda wake. Anayemtafuta kijana, kumfundisha, kumpa meza na kumsimamia ni shirika la mtaani, tena kwa kuchangia fedha zake: si chini ya asilimia 24 ya gharama katika miaka mitatu ya kwanza ya ruzuku, kiwango kinachopanda polepole hadi asilimia 50 mwaka wa kumi. Shirika la namna hiyo ni mbia, na mbia hupewa taarifa kabla nyumba haijabomolewa.

Juni 2018 taasisi ilitangaza mpango mkubwa wa mageuzi. Ofisi zilizotapakaa majimboni zifungwe, kazi zake zihamie kwenye ofisi 8 za kanda. Sababu za msingi zilikuwepo. Kwa hesabu za mwaka wa fedha 2017 wakaguzi walishindwa kutoa maoni, jambo ambalo msomaji yeyote wa ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kule Tanzania anajua uzito wake. Ofisi nyingi za majimbo nazo zilikuwa na watumishi wachache mno. Mmoja akiugua, mafaili yanalala. Anayedai mambo yangeachwa vilevile simuungi mkono.

Ila tazama ofisi zile zilikuwa zinamhudumia nani. Sehemu kubwa ya ruzuku za vijana hupitia tume za majimbo, ambazo makamishna wake huteuliwa na gavana, na tume hizo zilibaki. Waliotegemea ofisi zilizofungwa ni mashirika yanayowapokea watu wa VISTA na mipango ya wazee: bibi anayekaa darasani na mtoto aliyebaki nyuma, mzee anayemtembelea mzee mwenzake asiyetoka nyumbani. Mipango hiyo imefika hadi vijijini, na mara nyingi mratibu ni mmoja, bila mhasibu wa kumsaidia. Afisa wa jimbo alijua kaunti ipi haina basi, mratibu yupi ni mgeni na anahitaji kushikwa mkono kwenye ripoti yake ya kwanza, kituo kipi kinachelewesha mahudhurio kwa sababu bibi hana barua pepe. Mambo hayo hayapo kwenye mfumo wowote wa kompyuta. Afisa akiondoka, yameondoka naye. Isitoshe, wakati huohuo bajeti ya Ikulu ilikuwa inapendekeza taasisi yote ifutwe, kwa hiyo hata mageuzi yenye nia njema yalipokelewa kwa hofu.

Katika miaka hiyohiyo lilifanyika jambo moja zuri ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni uchunguzi wa rekodi za jinai. Kila anayejitolea kwa posho, na kila mtumishi anayelipwa kwa ruzuku, lazima achunguzwe mara tatu: kwenye orodha ya taifa ya wahalifu wa ngono, kwenye rekodi za polisi wa jimbo, na kwa alama za vidole zinazopelekwa FBI. Zamani kila shirika lilijitafutia njia. Jimbo hili lina fomu yake, lile lina ada yake, na kijana aliyehama kutoka jimbo lingine anachunguzwa pande zote mbili. Karatasi ikikosekana, au tarehe moja ikipishana na siku ya kuanza kazi, gharama za mtu huyo zinaweza kukataliwa na shirika likadaiwa. Taasisi ikaingia mkataba na kampuni mbili, Truescreen na Fieldprint, mashirika yapitishie uchunguzi wao huko. Mratibu anaingiza jina, kijana anapewa miadi ya alama za vidole, majibu yanarudi yakiwa na tarehe zake. Sijui kipengele kingine cha mageuzi yale kilichompunguzia mratibu mzigo kwa kiasi hicho, na nadhani ni kwa sababu kilianzia mezani kwake.

Ya 2025 yalikuwa kinyume kabisa. Aprili, watumishi wengi wa taasisi waliwekwa likizo, na ruzuku za takriban dola milioni 400 zikasitishwa. Mashirika zaidi ya 1,000 yaliguswa, pamoja na watu zaidi ya 32,000 waliokuwa wanajitolea. Asiyeijua kazi hii anaweza kuona ni kiasi cha kufunga daftari tu. Lakini mashirika mengi hutumia fedha kwanza, kisha hudai kurudishiwa. Barua ya kusitisha inapofika, posho za wiki ile zimeshatoka au zimeshaahidiwa. Na kijana wa muda wote anatakiwa kutimiza saa 1,700 ndipo apate msaada kamili wa ada. Aliyesimamishwa katikati hajui zile alizokwisha kufanya zitahesabiwa vipi.

Majimbo 24 pamoja na mji mkuu wa Washington yakaenda mahakamani, na tarehe 5 Juni Jaji Deborah Boardman wa mahakama ya shirikisho Maryland akaamuru ruzuku zirudishwe katika majimbo hayo. Hoja iliyobeba uamuzi huo nataka kila mkurugenzi aijue. Sheria ya bajeti ina kifungu kinachoizuia taasisi kubadilisha kwa kiasi kikubwa masharti ya mipango au utoaji wa huduma bila kwanza kutangaza na kupokea maoni ya umma. Kwa maneno mengine, kumsikiliza mshirika kumo ndani ya sheria. Amri ile, hata hivyo, ilirudisha ruzuku bila kuwarudisha maafisa, na malipo yasiyo na mtu wa kuyapitisha hukwama palepale.

Ndiyo maana nashikilia mpangilio huu: taasisi irekebishe kwanza uhasibu na mifumo yake ya ndani, fedha za washirika zikiendelea kutoka kwa tarehe zilezile, afisa mpya atajwe kwa jina na akae na yule wa zamani kwa robo mwaka mzima kabla simu haijahamishwa, ofisi ifungwe mwisho.

Kwa upande wa mashirika, msisubiri barua. Andaeni sasa faili moja la makabidhiano: mkataba wa ruzuku na marekebisho yake yote, barua pepe zenye ruhusa mlizopewa, jedwali la uchunguzi wa kila mtu na tarehe zake, saa za kila kijana hadi mwisho wa mwezi uliopita, na madai ya fedha ambayo hayajalipwa. Nakala ikae nje ya mfumo wa serikali, na atakayejua ilipo asiwe mtu mmoja.