Majitaka ya kitongojini: tunayoamini na yalivyo

"Sisi kaya thelathini tu, mtambo wa majitaka wa nini?" Mwenyekiti wa kitongoji akisema hivyo, yuko sahihi nusu. Mtambo wa pampu na umeme haumfai. Ila kusafisha majitaka hakuanzi na mtambo.

"Karo ndilo linalosafisha." Hapana, karo, yaani tangi la chini ya ardhi linalopokea majitaka, hutuliza tu. Mazito huzama, mafuta huelea na kuganda juu, na maji ya katikati hutoka yakiwa bado na vimelea tele. Usafi wenyewe hufanyika ardhini, kwenye shimo la kufyonza. Fundi anayekushauri uelekeze bomba la karo mtaroni ili upunguze gharama amekujengea nusu ya kazi.

"Karo likijengwa vizuri halijai, na likijaa unatia hamira." Linajaa. Na bakteria hawahitaji hamira yako, wanakuja na kinyesi chenyewe. Fundi makini huchukua mti mrefu, akaufunga kitambaa cheupe kwenye ncha, akauzamisha taratibu mpaka chini, akasubiri kidogo, kisha akautoa. Sehemu iliyotoka nyeusi ndiyo kimo cha tope. Likifika theluthi ya kina, ita gari la kunyonya. Kwa familia ya kawaida ni kila miaka 3 hadi 5. Asiingie mtu humo, hata kwa dakika moja. Gesi ya karo huua, na mara nyingi humuua pia anayeruka kumwokoa wa kwanza.

"Matete hunywa uchafu." Hunywa kidogo sana. Kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, kinachofaa sana kwa shule ya bweni au zahanati, wafanyakazi ni bakteria walioganda kwenye kokoto. Maji yapite chini ya uso wa kokoto. Yakionekana juu, kitanda kimeziba.

"Shimo la choo huleta mbu wa malaria." Anofelesi, mbu wa malaria, hupenda maji safi zaidi. Anayezaliana chooni ni kyuleksi, na huyo hueneza matende na mabusha. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yenye maji yalimwagiwa punje za polistirini, zile nyeupe za kufungashia vyombo. Zikatanda juu ya maji, viluwiluwi vikakosa hewa. Wakazi nao wakapewa dawa, na maambukizi ya matende yakashuka sana. Punje za kufungashia tu, lakini zilifanya kazi.

"Kisima kiko mita 30 kutoka chooni, na maji nachemsha." Kuchemsha huua vimelea, hakuondoi naitreti, kemikali inayovuja kutoka vyooni, ambayo ni hatari kwa watoto wachanga wa maziwa ya chupa. Na hizo mita 30 ni za udongo unaochuja. Kwenye mwamba wa matumbawe wa pwani, maji hupita nyufani kama bombani. Huko pima mteremko kwanza: kisima kikae juu, choo chini.