Siafu mmoja, majina matatu

Mvua zikianza, acha taa ya nje ikiwaka usiku utaona linakuja lidudu la kahawia, lina mabawa na manyoya, tumbo refu nene kama soseji, linajigongagonga ukutani mpaka linadondoka. Watu wananitumia picha kila msimu wakiuliza huyu ni nyigu gani na anauma? Hana mwiba wa kukuchoma na wala sio nyigu, huyo ni siafu dume, ndugu kabisa wa wale wanaowatoa watu kitandani usiku wakivamia nyumba.

Ukimfananisha na nyigu hauko peke yako, Carl Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyetuwekea utaratibu wa majina mawili ya kisayansi, mwaka 1764 aliletewa dume wa siafu akamwandika Vespa helvola, na Vespa ndio jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) ya nyigu! Mtaalamu wa wadudu Fabricius akaja 1793 akaunda jenasi Dorylus ya hao madume.

Sasa balaa likaanzia hapo, maana siafu wafanyakazi hawafanani na dume hata chembe, hawana mabawa, hawana macho kabisa, na hata wenyewe kwa wenyewe kuna vidogo sana na kuna wale askari wenye taya kubwa, kwahiyo 1840 mtaalamu mwingine, Shuckard, akawapa jenasi yao, Anomma. Halafu 1863 mwingine tena, Gerstaecker, akapata malkia kutoka Asia, hana macho, hana mabawa, tumbo kubwa mno, naye akampa jenasi yake, Dichthadia. Yaani baba, mama na watoto, kila mmoja na ukoo wake!

Leo wote wako ndani ya Dorylus kwasababu kanuni yetu sisi tunaowapa viumbe majina inasema jina lililotangulia ndio linabaki. Ila kwenye ngazi ya spishi, yaani aina moja moja ya mdudu, kazi bado ni kubwa, na hapa ndipo roho yangu ilipo. Kuna majina yametolewa kwa dume tu aliyenaswa kwenye taa, mengine kwa wafanyakazi tu waliookotwa njiani, sasa utajuaje kama majina mawili sio mdudu mmoja? Njia ni kulinganisha DNA, au umpate dume ndani ya msafara wenyewe, maana dume akikuta njia ya siafu, wafanyakazi wanamkata mabawa wanamburuza mpaka kwa malkia. Ukimkuta hapo, shika, huyo ni dhahabu.

Kwenye ngazi za juu ya jenasi mambo yametulia kidogo, mwaka 2014 nusufamilia kadhaa (makundi yanayokusanya jenasi nyingi) ziliunganishwa kuwa moja, Dorylinae, siafu wetu wakawekwa pamoja na Eciton, siafu wa Amerika. Maji moto wanaoshona majani ya miembe wako kwingine, nusufamilia ya Formicinae, hao hawana mwiba wanakurushia asidi. Na mchwa jamani sio jamii hii kabisa, ndugu zake ni mende.

Kwahiyo ukimuona dume kwenye taa muweke kwenye chupa ya spiriti kali, andika kwa penseli mahali na tarehe kwenye kikaratasi ukitumbukize humo humo, wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka. Kukiwa na msafara jirani chukua na wafanyakazi, wakubwa kwa wadogo, ila chupa yao iwe tofauti.