Friji haiui vijidudu: maswali ya jikoni kuhusu viporo, nyama na umeme kukatika

Mtori umebaki nusu sufuria, na baridi hii ya Julai hapa Moshi, si unaweza kulala tu jikoni?

Hapana jamani, na hili ndo linawaponza wengi huku kwetu. Baridi ya Julai inatutoa masweta kabatini lakini bakteria wa chakula wanazaliana vizuri tu kuanzia nyuzi 5 hadi 60, na jiko lako hata alfajiri halifiki huko chini ya 5. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa 2, Moshi ikiwa na lile joto lake la Februari usingoje hata hayo. Alafu mtori ni mzito, juu unaona umeganda umepoa kumbe katikati bado vuguvugu masaa kibao. Ugawe kwenye vyombo vidogo visivyo na kina kirefu, ndo uingize kwenye friji.

Lakini asubuhi si nitauchemsha sana?

Kuchemsha kunaua bakteria sawa, ila kuna wengine wakishazaliana wanaacha sumu ambayo moto hauitoi. Yupo Bacillus cereus anayependa wali na pilau, yupo na Staphylococcus anayetoka mikononi na puani kwetu, kwa hiyo pilau ya sherehe iliyolala kwenye hotipoti iliyopoa hata uipashe moto mpaka iungue unaweza kutapika vilevile. Kiporo kilichotunzwa vizuri ndo unakipasha mpaka kitoe mvuke chote, na upashe kile utakachokula tu, sio sufuria nzima kila siku inatoka inarudi.

Nasikia chakula cha moto kinaharibu friji?

Kikitoka motoni moja kwa moja kinapandisha joto mle ndani na vya jirani vinaathirika. Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga koroga, mvuke ukiisha ingiza hata kama bado ni vuguvugu. Kusubiri mpaka kiwe baridi kabisa ndo hapo unasinzia kwenye kochi na masaa 2 yanapita.

Nyama mbichi naiweka wapi, na inakaa siku ngapi?

Chini kabisa, kwenye chombo chenye mfuniko, maana maji ya kuku yakidondokea kachumbari hakuna moto wa kuja kuiokoa hiyo kachumbari. Kuku, samaki na nyama ya kusaga siku 1 au 2, nyama ya vipande vikubwa siku 3 hadi 5, zaidi ya hapo friza. Viporo siku 3 mpaka 4. Friji haiui kitu, inawachelewesha tu hao bakteria, na yupo mmoja anaitwa Listeria anaendelea kukua hata kwenye baridi ya friji, huyo ni hatari sana kwa mjamzito. Na maziwa usiyaweke mlangoni, pale ndo pana joto kuliko kwingine, waachie soda na tomato sosi. Vitunguu, viazi na ndizi mbichi havihitaji friji kabisa, vinakujazia nafasi tu.

Nimezungusha namba ya friji mpaka mwisho, inatosha?

Namba haikwambii joto. Nunua kipimajoto cha friji, kitumbukize kwenye glasi ya maji, iache humo usiku kucha. Inatakiwa isome nyuzi 4 au chini, na friza iwe -18. Ukishindilia vitu mpaka hewa ikakosa pa kupita, namba yoyote haitasaidia.

Desemba tunapanda Rombo wiki nzima, friza huku mjini tumeiacha imejaa nyama. Tutajuaje kama umeme ulikatika?

Swali zuri hili, maana unaweza kurudi ukakuta imeganda vizuri kumbe iliyeyuka ikaganda upya. Kabla ya kuondoka gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, rudisha kwenye friza. Mkirudi sarafu iko juu palepale, kuleni. Imezama mpaka chini, barafu yote iliyeyuka, hiyo nyama tupa. Mkiwepo nyumbani umeme ukakatika usifungue fungue mlango, friji inahimili kama masaa 4, friza iliyojaa masaa 48 na ya nusu 24, na nyama ambayo bado ina chembe za barafu unaweza kuipika au kuigandisha tena. Kunusa hakusaidii, bakteria wanaoumiza watu mara nyingi hawabadilishi harufu wala ladha, kwa hiyo mzee akisema lete hapa mimi najua kwa pua, msikilize kwa heshima zote alafu katupe.