Moyo wa Kima, Ini la Sungura

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba hadithi ya kima na papa ina asili ya Bara Hindi, atakukatalia. Papa ni wetu na mkuyu ni wetu. Ndivyo hadithi inavyohamia mji: inavaa kanzu ya wenyeji.

Kima anamrushia rafiki yake matunda kutoka mtini. Siku moja rafiki anambeba mgongoni, na wakifika kilindini anamfunulia kwamba kwao watakiwa moyo wa kima, dawa ya mgonjwa. Kima ajibu: sisi mioyo twaiacha mtini, nirudishe nikautwae. Akirudishwa, haoo, juu!

Kwenye Panchatantra, kitabu cha kale cha hadithi za Wahindi, mti ni mzambarau na rafiki ni mamba. Ibn al-Muqaffa alipoigeuza kwa Kiarabu katika karne ya 8, kwenye kitabu cha Kalila wa Dimna, twapata mti wa tini na kasa. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alipochapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, twakuta mkuyu na papa. Mkuyu na mti wa tini ni jamaa moja ya miti, ndiyo maana naona mti wetu ulifuata Waarabu, ila mnyama tulimchagua wenyewe. Mgonjwa naye hubadilika. Kwa Wahindi na Waarabu shida yatoka kwa mke wa yule rafiki; kwetu anayeugua ni sultani wa papa.

Korea anayeugua ni mfalme wa bahari, anayebebwa na kasa ni sungura, na kinachotakiwa ni ini. Msilione hilo dogo. Hadithi yetu ina nyingine tumboni mwake, ya punda wa dobi, ambayo kima amsimulia papa. Punda aliponea chupuchupu kwa simba, akadanganywa akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio, kisha akamwambia simba: huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi. Hapo moyo ndio akili. Weka ini, na jibu la sungura huyu wa kwetu lapoteza maana.

Kwa hivyo ukirekodi hadithi hii kwa bibi yako Mji wa Kale, andika mambo matano: mti gani, mnyama gani wa majini, nani mgonjwa, kiungo gani, na kuna hadithi ndani ya hadithi au hakuna. Katika orodha ya kimataifa ya aina za ngano, ya Aarne, Thompson na Uther, utaikuta kwa nambari 91. Rekodi mara mbili, usiku tofauti. Kilichobaki vilevile ndicho cha hadithi, kilichobadilika ni cha msimulizi. Anza kurekodi kabla ya "Paukwa!", na usikate itikio la "Pakawa!" wala nyimbo.

Kosa linaloniuma zaidi ni kusahihisha. Bibi asema "ndia", mjukuu aandika "njia". Asema papa, mjukuu aandika mamba kwa kuwa ndivyo alivyosoma kitabuni. Yule papa ndiye alama ya pwani yetu, na akishafutwa kwenye daftari hakuna atakayejua alikuwapo.