Kulaza maji ya bomba hakutoshi kwa samaki

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unasema maji ya bomba yakilala usiku kucha kwenye ndoo wazi, yanafaa kwa samaki wa tangini. Unaaminika kwa sababu una ukweli nusu: klorini ya kawaida huyeyukia hewani, mara nyingi kwa siku moja au mbili. Lakini maji mengine hutibiwa kwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, nayo haitoki upesi hivyo. Huunguza matamvua, yaani viungo vya samaki vya kupumulia, na kuingia kwenye damu. Samaki huonekana wakihema juu ya maji. Pima kwa vijiti vinavyoonyesha jumla ya klorini, si klorini huru (isiyounganishwa na amonia) pekee. Isiposoma sifuri, tia dawa inayovunja kloramini na kufunga amonia, kwa kipimo cha lebo, kabla ya kumimina. Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze tena.